Nani Mkaidi?

Liko neno moja ambalo twalitumia upesi sana, nalo ni "mkaidi". Mtoto akikataa kutumwa, ni mkaidi. Punda asipokwenda, ni mkaidi. Na mkulima wa bondeni asiyehama kabla ya mafuriko, naye huitwa mkaidi. Tena methali twazo: "Mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi." Huku Ikwiriri twaisema sote, Waislamu na Wakristo.

Tulitazame neno hili. Mkaidi si mjinga wala si kiziwi. Ni mtu aliyesikia shauri jema, akalielewa, kisha akalikataa kwa kuwa hataki tu. Basi anayemwita mwenzake hivyo amekwisha kukata hukumu mbili: kwamba shauri lilikuwa jema, na kwamba mwenzake hana sababu.

Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Serikali iliwahamishia watu wa bonde la Rufiji nchi ya juu, katika Operesheni Rufiji. Hatari haikuwa hadithi. Maji ya Aprili 2024 yalizamisha mashamba na nyumba katika Rufiji na Kibiti. Lakini wengi waliendelea kushuka bondeni kulima na kulala katika madungu. Kwa nini? Maji yale yale yabomoayo nyumba ndiyo yaletayo udongo wenye rutuba. Mpunga wataka bonde, na usipolindwa huliwa na ndege na nguruwe. Aliyebaki shambani alikuwa na sababu, hata kama haikutosha kumwokoa.

Tumkumbuke Balaamu (Hesabu 22). Alimpiga punda wake mara tatu akimdhania mkaidi, kumbe punda amemwona malaika mwenye upanga, na bwana wake hakuona kitu.

Hatusemi kwamba wakaidi hawako. Wako, na mwenye watoto wadogo hana haki ya kungojea maji yafike kitandani. Twasema hivi: neno hili lisiwe la kwanza kinywani mwetu. Kwanza tuulize, "Ndugu, ukihama waogopa kupoteza nini?" Atakayetujibu, twaweza kumsaidia kuvuna mapema au kumbebea mzigo. Lakini akiisha kuitwa mkaidi, hatatujibu tena. Na maji yakija, ni nani atakayemsikiliza?