Jumba la Sinema Likiuzwa

Tumeulizwa: jumba lililokuwa la sinema likiuzwa, je, yafaa kununuliwa likafanywa msikiti au chuo? Muulizaji ameongeza kwamba baadhi ya watu wa mtaa wake wanachukizwa, kwa sababu ya yale yaliyokuwa yakionyeshwa humo.

Twajibu kwamba yafaa. Pale ulipojengwa Msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina palikuwa na makaburi ya washirikina, magofu na mitende. Makaburi yalifukuliwa, magofu yakasawazishwa, mitende ikakatwa ikapangwa upande wa kibla. Basi ukuta wa sinema una ubaya gani unaoshinda wa ardhi ile? Huko London, katika Brick Lane, liko jengo lililojengwa mwaka 1743 kuwa kanisa, baadaye likawa sinagogi, na tangu 1976 ni msikiti.

Walakin twaona kinachowachukiza watu si ukuta, bali ni kumbukumbu. Wazee wa Unguja hawajaisahau Awara, filamu ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, wala maonyesho yaliyotengwa kwa wanawake peke yao. Siku ya Idi watu walitoka kuswali wakaenda kupanga foleni ya tikiti. Majumba hayo yalisimama kwa shilingi zetu sisi! Kisha zikaja televisheni na kanda za video, viti vikabaki vitupu, majumba yakafungwa moja baada ya jingine.

Na yalipofungwa, ni nani aliyekuja na fedha? Huko Nairobi, sinema ya Shan ya Ngara imekuwa ukumbi wa Sarakasi, wa wanasarakasi na wanamuziki. Na majumba mengine yakawa makanisa. Hatuwalaumu waliochangishana wakanunua. Hiyo ni haki yao. Lakini sisi, ambao hatukosi fedha ya kupikia pilau ya arobaini, tulikuwa wapi?

Basi muulizaji na wenzake wasikawie. Hati ya wakfu iandikwe mapema na wasimamizi watajwe, mali isije ikawa ya mtu mmoja na wanawe. Picha za ukutani zifutwe. Sakafu ya sinema huteremka kuelekea pazia: isawazishwe, ili safu zinyooke. Ama viti, havina ubaya. Watoto wa chuo watavikalia.