Kiti cha Mgeni Mezani pa Mkimbizi

Ifunda, kando ya barabara ya kutoka Iringa kwenda Mafinga na Mbeya, kuna makaburi ya Wapolandi. Kidugala, katika mkoa wa Njombe wa leo, kuna mengine. Waliozikwa humo hawakuwa walowezi wala wamisionari. Walitoka katika familia za Kikristo, nyingi za Kikatoliki, ambazo mwaka 1940 na 1941 askari wa Stalin walizitoa majumbani kwao na kuzisafirisha kwa mabehewa ya mizigo hadi Siberia na Kazakhstan. Zilizonusurika zilipitia Uajemi, zikavuka bahari, na kuanzia 1942 Waingereza wakazigawa katika makambi ya Afrika Mashariki: Tengeru, iliyokuwa kubwa kuliko zote Tanganyika, Masindi na Koja kule Uganda, Ifunda na Kidugala huku kwetu. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Wahehe na Wabena hawakuulizwa kama wangependa kuwapokea. Nao wakati huo walikuwa chini ya utawala wa kigeni juu ya ardhi yao wenyewe.

Wapolandi wana mila ya mkesha wa Noeli. Kabla ya kula humegeana mkate mwembamba na kutakiana heri, na mezani huachwa kiti kimoja na sahani moja kwa ajili ya mgeni ambaye huenda akabisha hodi. Hebu tuitafakari mila hiyo ikiwa mikononi mwa mtu aliyefukuzwa kwake, anayekula posho ya serikali ya kigeni. Mila yake bado inamwamuru amtengee mgeni nafasi. Haimuulizi kama ana nyumba.

Tukiwahesabia wakimbizi hasara zao, tunataja nyumba, mashamba, mifugo, vyeti vya shule. Tunasahau kwamba wamenyang'anywa pia uwezo wa kumwambia mtu mwingine "karibu". Katika Nyanda hizi za Juu Kusini tunaujua uzito wa neno hilo. Mama wa Rungwe ambaye hana hata ndizi ya kumpa mgeni huona aibu inayozidi njaa yake mwenyewe. Anayepokea tu, mwaka hadi mwaka, hupungukiwa kitu ambacho gunia la unga halikirudishi. Ndiyo maana nashikilia kwamba kumsaidia aliyefukuzwa maana yake ni kumfikisha mahali ambapo naye anaweza kukaribisha. Msaada unaoishia njiani bado ni wa lazima, lakini haujafika.

Ni wa lazima kweli. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka ndani ya kanisa la Kipentekoste huko Kasindi, mashariki mwa Kongo, watu wakiwa ibadani. Tarehe 27 Julai 2025 wapiganaji wa kundi la waasi la ADF walivamia kanisa Katoliki la Komanda, Ituri, wakaua makumi ya watu. Familia inayokimbia usiku wa namna hiyo inahitaji blanketi na uji, na inahitaji sasa hivi. Ole wake atakayeichelewesha kwa sababu bado anatafakari.

Ila sadaka zetu za Noeli zina tabia moja inayonisumbua. Siku tunachagua sisi, chakula tunachagua sisi, picha tunapiga sisi, na tarehe 26 tunarudi makwetu. Katika Injili ya Mathayo, zawadi za kwanza za Noeli zilitolewa kwa familia iliyokuwa karibu kukimbia. Mamajusi walipoondoka tu, Yusufu aliambiwa ndotoni amchukue mtoto na mama yake waende Misri. Mikononi mwao walikuwa na dhahabu, uvumba na manemane: vitu vinavyobebeka, vinavyouzika, ambavyo mwenyewe ndiye anayeamua avitumie lini na wapi. Aliyepewa hakubaki akimtazama mtoaji usoni. Papa Pius XII, katika waraka wake wa 1952, aliitaja familia hiyo kuwa kielelezo cha kila familia ya wakimbizi. Basi na zawadi ilizopewa ziwe kielelezo cha zawadi zetu.

Huku Mbeya na Iringa Noeli huangukia msimu wa jembe. Mvua zimeshika, mahindi yanapandwa au yanapaliliwa, na baba wa familia anapiga hesabu kati ya nguo mpya za watoto na mfuko wa mbolea. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huisikia kama karipio kwa mvivu. Mimi naisikia kama heshima: anayepewa jembe amepewa na pa kulima, na anayevuna ana cha kumpa mwenzake.

Taifa hili liliwahi kufanya hivyo. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, ambao wengi wao walikuwa Wakristo ingawa hawakufukuzwa kwa ajili ya imani, walipewa ardhi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Shirika la kikanisa la TCRS, lililoanzishwa 1964, lilishiriki kuyajenga makazi hayo. Mwalimu Nyerere alitunukiwa Tuzo ya Nansen ya huduma kwa wakimbizi mwaka 1983, na mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo walithibitishiwa uraia. Leo wanapokea wageni kwa mahindi yao wenyewe.

Wapo wanaouliza kama Mkristo awasaidie Wakristo kwanza. Paulo aliwaandikia Wagalatia watende mema kwa watu wote, hasa kwa walio wa nyumba ya imani. Neno "hasa" halifuti "wote". Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, tangu 2017, Waislamu na Wakristo wamefukuzwa na watu walewale, na waliovuka Ruvuma kuja Mtwara walivuka pamoja.

Lakini leo Sheria yetu ya Wakimbizi ya 1998 inawabana wakimbizi ndani ya makambi, Nyarugusu ikiwamo, mbali na jembe lolote la maana. Kamati za Noeli za parokia na sharika zetu ziendelee kukusanya unga na blanketi. Pamoja na hayo, maaskofu wetu, Wakatoliki, Walutheri na Wamoravian, waiombe Serikali kwa sauti moja iwaruhusu watu hawa kulima, kufanya kazi na kuuza.