Kasuku Alinitii Mimi au Alitii Karanga?



Ndugu zangu wanafunzi, likizo iliyopita baba mdogo alisafiri, akaniachia kasuku wake nyumbani kwetu Buyenzi. Ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, wa aina inayotoka misitu ya Kongo. Niliazimia baba mdogo akirudi amkute ndege anafuata amri tatu: “panda”, akwee kidoleni, “shuka”, arudi kwenye kijiti, na “njoo”, atoke tunduni aje begani.

Mtu mmoja sokoni alinipa njia ya mkato: mnyime chakula tangu asubuhi, jioni atafuata kila unalosema. Nikafanya hivyo. Siku ya tatu kasuku alipanda kidoleni mara 6 bila kukosea, nami nikawaita wadogo zangu waje waone. Siku ya tano nilikuta manyoya ya kifua yamezagaa chini ya tundu. Alikuwa anajinyofoa mwenyewe, jambo ambalo kasuku hawa hulifanya wakibanwa na dhiki. Bibi yangu alitazama manyoya yale, akaniuliza: “Mjukuu wangu, huyo anakutii wewe au anatii karanga?”

Sikuwa na jibu. Kifiqhi nilijiona niko salama. Sote tunaijua hadithi ya Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (r.a.), aliyekuwa na kindege cha kuchezea, na Mtume (s.a.w.) akimtania kwa kumuuliza habari zake. Wanazuoni wengi wamechukua humo ruhusa ya kufuga ndege. Hata kumfundisha mnyama si jambo geni: Suratul Maidah inawataja wanyama wa kuwindia waliofunzwa, na inakumbusha kwamba ujuzi huo wa kufunza umetoka kwa Allah. Lakini ipo pia hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Kasuku wangu hakufa, ila njaa yake nilikuwa nimeishika mimi mkononi. Ruhusa ya kufuga haikunipa ruhusa ya kutesa.

Basi nikabadilisha njia. Nilimlisha kwanza akashiba, ndipo somo likaanza. Nilisogeza kidole taratibu juu kidogo ya miguu yake, nikasema “panda”. Akipanda, anapata karanga moja na neno zuri. Akikataa, namwacha. Somo halikuzidi dakika 10. Siku 3 za mwanzo alinigeuzia mgongo. Siku ya nne alikuja. Ilipofika wiki ya tatu alikuwa anakuja hata mkono wangu ukiwa mtupu. Sidai kwamba nayajua yaliyo moyoni mwa ndege. Ninachojua ni kwamba alikuwa ameshiba, alikuwa anaweza kukataa, na alikuja.

Hapo ndipo swali la bibi lilipotoka tunduni likaja hapa chuoni. Wengi wetu katika jumuiya tumepewa dhamana ya kuwaongoza wanafunzi wapya. Mwaka jana nilikuwa miongoni mwa waliosoma hadharani majina ya waliokosa swala ya alfajiri ya jamaa. Safu zilijaa kwa wiki 2, tukashukuru. Kisha likizo ikaingia, na ndugu mmoja akanieleza kwa uwazi kwamba alipofika kwao aliacha kuamka kabisa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anasoma majina. Sisi tulidhani tumemfundisha swala, kumbe tulimfundisha kuogopa karatasi yetu. Ile aibu ilikuwa njaa, na yeye alikuwa kasuku wa siku ya tatu.

Atakuja mtu aseme: mbona tumeagizwa kuwaamrisha watoto swala wakiwa na miaka 7, kabla hawajaelewa mengi? Hoja hii ni nzito, na siikatai. Mazoea yana nafasi yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyeanza kuswali kwa kuelewa kila neno. Lakini agizo lile linamhusu mzazi na mtoto aliye chini ya malezi yake, anayelishwa na kupendwa katika nyumba hiyohiyo. Mwanafunzi wa miaka 20 ni mukallaf. Amali yake inapimwa kwa nia yake, na nia haiingii moyoni kwa kusomewa jina. Kasuku hataulizwa nia. Sisi tutaulizwa, na huenda tukaulizwa pia juu ya wale tuliowazoesha kumwangalia mwanadamu badala ya Mola wao.

Kuamrisha mema kunabaki wajibu. Ninachopendekeza ni kwamba tuweke karatasi ile kando, twende tukagonge mlango. Tumuulize mwenzetu amelala saa ngapi, amekula nini, ana dhiki gani. Kisha tumwite, na akikataa leo, kesho tumwite tena kwa upole uleule.

Ndugu yule nimeanza kumpitia alfajiri. Siku nyingine huamka, siku nyingine husema amechoka, nami huenda zangu msikitini. Ijumaa iliyopita nilichelewa kuamka, na aliyenigongea mlango alikuwa yeye.

Wallahu a'alam.