Malaika Tausi na Maadili ya Ufasiri

Mfasiri ana wajibu gani kwa jamii ambayo ishara yake anaifasiri? Swali hili lina uzito wa pekee katika suala la Tawûsî Melek, yaani Malaika Tausi, ambaye Wayezidi wa kaskazini mwa Iraki humtukuza kuwa mkuu wa malaika saba waliokabidhiwa ulimwengu na Mungu.

Katika simulizi moja mashuhuri, malaika huyu aliamriwa kumsujudia Adamu, akakataa. Msomaji aliyelelewa katika mapokeo ya Kiislamu hukitambua kisa hiki mara moja na kumwita mhusika Iblisi. Hata hivyo, katika simulizi la Kiyezidi kukataa huko ni mtihani aliofaulu: hakumsujudia yeyote ila Muumba, naye akatukuzwa. Tukio ni lile lile, bali hatima ni mbili, na maana hutegemea hatima. Mgeni huitwaa hatima ya simulizi lake na kuipachika katika simulizi la wengine. Wala mapokeo ya Kiislamu yenyewe hayana usomaji mmoja, kwani sufii Al-Hallaj, aliyeuawa Baghdad mwaka 922, aliona katika ukaidi wa Iblisi namna ya tauhidi.

Aidha, kosa hili lilikuzwa na mazoea ya kuyaamini maandishi pekee. Mwanzoni mwa karne ya 20 vilichapishwa vitabu viwili vilivyodaiwa kuwa misahafu ya Wayezidi. Watafiti wengi leo hawavioni kuwa matini asilia. Imani yenyewe ilihifadhiwa katika qewl, tungo takatifu zilizorithishwa kwa mdomo.

Huenda ikadaiwa kwamba maana haina mwenyewe, na kila msomaji ana haki ya kufasiri. Katika nadharia, dai hili lina mashiko. Lakini Agosti 2014 wapiganaji wa kundi la Dola ya Kiislamu waliivamia Sinjar. Maelfu ya Wayezidi waliuawa au kutekwa, na wanawake wakafanywa watumwa. Hoja ya wauaji ilikuwa lakabu kongwe ya “waabudu shetani”, ambayo wasafiri wa Ulaya nao waliieneza. Mwaka 2016 tume ya Umoja wa Mataifa ilitamka kuwa hayo yalikuwa mauaji ya halaiki.

Haki ya kufasiri haifutwi na historia hii, ila inawekewa sharti. Mhakiki anaweza kuikataa imani ya Malaika Tausi, hata kuikosoa. Lakini anachokikosoa sharti kiwe kile ambacho waumini wake wanakisema.