Bakuli Lisirudi Tupu

Bibi yangu, Ng'ambo, Unguja, hakurudisha bakuli la jirani tupu hata siku moja. Mkono wa juu ni bora kuliko wa chini, alitufunza, na mafunzo hayo ya Mtume nilikua nayo kwa maana moja tu: kuomba ni fedheha. Ndiyo maana mwanamuziki wa Marekani Amanda Palmer, anayeomba bila haya, amenishughulisha miaka yote hii.

Kabla ya kuunda kundi la The Dresden Dolls na mpiga ngoma Brian Viglione huko Boston mwaka 2000, Palmer alikuwa akisimama juu ya makasha pale Harvard Square, uso mweupe wa rangi, gauni la harusi, kimya kama sanamu. Ukimtilia pesa, bi harusi huyo hujongea, hukutazama machoni, hukupa ua. Wako waliompigia kelele kutoka kwenye magari: tafuta kazi!

Albamu ya kwanza ya studio ya wawili hao, piano na ngoma zikibeba roki yenye giza la kabareti za Berlin, ilitoka 2003 kwa lebo yao wenyewe, 8ft. Records, jina la yule bi harusi wa futi nane. Kampuni kubwa ilikuja baadaye, naye akaja kuachana nayo. Mwaka 2012 aliwaomba wasikilizaji moja kwa moja. Watu 24,883 wakamchangia karibu dola milioni 1.2 kwa albamu ya Theatre Is Evil.

Je, huyu ni ombaomba?

Namkumbuka mama kwenye taarabu, akinyanyuka na noti, akienda mbele taratibu, kanga mabegani, hadi kwa mwimbaji. Hilo twaliita kutunza, na ndilo neno tunalotumia kwa kulea mtoto. Mwimbaji hakuinamisha kichwa wala hakukatiza wimbo. Mkono wa nani ulikuwa juu pale? Mama alirudi kitini amejaa, kama aliyepewa.

Lakini mwaka huohuo wa 2012 Palmer aliwaita wanamuziki wa kila mji wapande naye jukwaani, malipo yao bia na kukumbatiwa. Wanamuziki wengi walikasirika, na mimi nasimama nao. Yeye mwenyewe alikuja kuamua kuwalipa. Kupokea kwa haki kunataka mkono wenye kitu cha kutoa. Pale, baada ya milioni hiyo, sikuliona ua.

Bibi alipougua mara ya mwisho, jirani alimletea uji kila asubuhi. Wiki ya kwanza aliukataa, akageukia ukuta. Hatukuwa na cha kurudisha, na yeye alilijua hilo kuliko sisi. Asubuhi moja aliunywa wote, kisha akanituma uani nichume maua ya asumini. Akayapanga mwenyewe ndani ya bakuli, vidole vikitetemeka, ikachukua muda mrefu sana. Jirani aliyapokea kwa mikono miwili.