"Ni Zile Tembe Alizomeza"

Ndoa ikifika mwaka wa tatu bila mtoto, kuna neno ambalo halikosi kusemwa: "Ni zile tembe alikuwa anameza akiwa chuo." Husemwa na wifi, husemwa na shangazi, wakati mwingine na mtu aliyetoka tu kwenye maombi. Swali langu wiki hii ni hili: mtu akisema jambo asilolijua, lakini analiamini kwa moyo wake wote, je, ameshuhudia uongo?

Tuanze na tembe zenyewe. Zimekuwepo tangu 1960. Zina homoni zinazozuia yai lisitoke. Haziharibu mayai wala kuziba mirija. Mwanamke akiacha, homoni hizo huisha mwilini baada ya siku chache. Kati ya wanawake 10 wanaoziacha wakitafuta mtoto, karibu 8 hushika mimba ndani ya mwaka mmoja, na hiyo ni karibu sawa na wale ambao hawakuzitumia. Sindano ya miezi mitatu ndiyo inaweza kuchelewesha mimba hata mwaka, halafu uwezo unarudi. Watu huchanganya hizi mbili.

Halafu kuna umri. Aliyeanza tembe akiwa na miaka 23 akaziacha akiwa na 36, ameongeza miaka 13, na mayai yake pia. Tembe zinabebeshwa lawama ya miaka.

Mimi nilisoma biashara. Mkaguzi wa hesabu akiona hasara, hafungui daftari la mshirika mmoja tu. Katika karibu nusu ya ndoa zinazokawia kupata mtoto, mwanamume naye ana tatizo, peke yake au pamoja na mkewe. Na kupima mbegu za kiume ni rahisi kuliko vipimo vingi vya mwanamke. Lakini wanaume wetu, wee! Wengine watafunga siku 40 kabla hawajaingia maabara. Mirija iliyoziba nayo mara nyingi ni kazi ya kisonono au klamidia ambayo haikutibiwa, na hiyo haiji kwa kumeza tembe.

Sasa jibu langu. Anayerudia tu alichosikia ni mjinga wa jambo hilo, na ujinga husameheka. Lakini neno lake likianza kuamua kama bibi wa mtu atarudishwa kwao, kutojua si kinga tena. Alipaswa kuuliza kabla ya kufungua mdomo. Kusema "nilimaanisha mema" hakumrudishii mtu ndoa yake. Wanafunzi walipomuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, hakuwapa mtu wa kulaumu.

Kwa hivyo, dada, kama hujafika miaka 35 na mmejaribu mwaka mzima, au umeshafika na mmejaribu miezi 6, nendeni kliniki. Wote wawili, siku moja. Na mama mkwe akiuliza mlikuwa wapi, mwanawe ndiye ajibu.