Siku ya Ishirini na Nane

Uwakili wa mikataba ya ujenzi si kazi ya makelele mahakamani. Ni kazi ya kusoma barua, kumbukumbu za vikao na tarehe. Na tarehe huua. Katika masharti ya FIDIC ya mwaka 1999, ambayo yametumika sana katika kazi za barabara, mkandarasi anayedai muda au fedha za nyongeza hana budi kutoa taarifa ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, jambo lililomkwamisha. Akizipitisha, dai lake limekufa, hata kama lilikuwa la kweli.

Miaka kadhaa iliyopita niliitetea ofisi moja ya serikali. Mkandarasi, mzee aliyeanza maisha kwa kubeba zege, alikabidhiwa nusu tu ya eneo la kazi, kwa kuwa wenye nyumba katika nusu ya pili walikuwa hawajalipwa fidia. Greda la kukodi likasimama, vibarua wakakaa chini ya mwembe. Mzee akaleta taarifa yake siku ya 41. Nilimjibu kwa ukurasa mmoja, nikitaja kifungu cha 20.1. Dai likafa. Wenzangu wakanipongeza kwa kuokoa fedha za umma.

Jioni mzee alinikuta kwenye ngazi. "Mwanangu," akasema, "kuchelewa nilichelewa. Lakini kazi ilisimama, haikusimama?"

Sikuwa na jibu.

Je, nilitenda haki? La kunitetea lipo. Fedha ile haikuwa yangu hata niigawe kwa huruma. Sharti likilegezwa leo kwa mzee mwema, kesho atakuja mjanja na dai la miaka mitatu, mashahidi wakiwa wametawanyika. Siku 28 ziliwekwa ili mwenye kazi aweze kuchunguza na kurekebisha mambo wakati ushahidi ungali mbichi.

Lakini hapo hapo ndipo ninaposhtakiwa. Mteja wangu hakuwa na haja ya kuarifiwa. Kuchelewa kwa fidia kulikuwa kosa lake mwenyewe, na lilikwisha andikwa katika kumbukumbu za kikao cha kwanza cha kazi. Kifungu kilichowekwa kumkinga asiyejua, mimi nilikitumia kumficha aliyejua.

Wala sina hakika kwamba fedha iliokolewa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka: katika zabuni ijayo mkandarasi huiongeza hofu yake ndani ya bei, na serikali huilipa bila kuiona. Na vibarua wa chini ya mwembe, hao si umma?

Siku hizi naamini kwamba wakili wa serikali anadaiwa kurasa mbili. Wa kwanza humweleza mteja kile anachoruhusiwa kufanya, na wa pili kile kinachomstahili. Mteja angeweza kuukataa ule wa pili, na lawama ingekuwa yake. Kutouandika ni lawama yangu.